Laini mbili za faiba zakatika dakika moja: nifanyeje na chumba cha seva Changamwe?

binti_mikindani

Assalam aleikum ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Nasimamia kompyuta na mtandao wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Makarani wako Moi Avenue, ghala na chumba cha seva viko Changamwe. Kuna seva mbili: moja ya hesabu na nyaraka za wateja, nyingine ya mfumo wa ghala unaoonyesha kontena lipi liko wapi na limelipiwa nini. Kuna swichi, rauta, UPS (kifaa cha kushika stima kwa muda ikikatika) ya betri za asidi, viyoyozi viwili, na jenereta nje. Si kituo kikubwa cha data, lakini kazi yote ya kampuni inapita humo. Kikizimika malori yanapanga foleni getini, Moi Avenue hawawezi kutoa hati, na mizigo ya watu inakaa bandarini ikilimbikiza malipo ya uhifadhi.

Tuna laini mbili za faiba kutoka kampuni mbili. Ya pili tuliilipia makusudi, ili moja ikikatika nyingine ibebe. Juzi barabara ikichimbwa, zote zilikatika dakika ileile, kazi ikiwa imepamba moto. Zilirudi baada ya magharibi. Kila kampuni niliyoipigia ilinijibu vilevile, kwamba kebo imekatwa na mkandarasi na mafundi wako njiani.

Wiki ijayo kuna kikao. Mkurugenzi anataka tuongeze laini ya tatu, basi. Mwenzangu wa hesabu anataka tuhamishie kila kitu kwenye wingu la ng'ambo, yaani seva za kukodi za mbali, tuachane na seva zetu. Hayo yote mawili hayajaniingia moyoni, lakini sina hoja ya kuweka mezani. Naomba ushauri, hasa kwa waliofanya kazi Pwani, kwenye joto hili na chumvi hii.

kebo_na_chumvi

Wa aleikum salaam, na marahaba mwanangu.

Kazi yangu ni kuunga faiba, na nimeifanya Pwani hii tangu zama Afrika Mashariki ikipata intaneti kwa setilaiti, kabla ya TEAMS na SEACOM, mikongo yetu ya kwanza ya faiba ya baharini, kufika ufukweni kwetu mwaka 2009. Swali lako nimelikuta kwenye mabenki, mahotelini na hospitalini, na kila mara wenyewe wameshaanza kuhesabu laini kabla ya kuuliza zinapita wapi.

Ukinunua maji kwa wenye mikokoteni wawili, na wote wanachota kisima kimoja, siku pampu ya kisima ikiharibika hata ukimwita wa tatu mtalala na kiu. Kwa hiyo mezani kwa mkurugenzi peleka swali moja kwanza: hizi laini mbili zinakutana wapi?

Jibu utalipata kwa miguu. Anzia chumbani, shika kila kebo uifuate. Tazama tundu la ukutani. Mara nyingi nakuta kampuni mbili zimeingia kwa bomba moja kwa sababu mwenye jengo hakutaka ukuta wake utobolewe mara ya pili. Ukitoka getini tazama nguzo. Kuna nguzo Changamwe zimefungwa faiba za kampuni nne au tano kwa waya mmoja, na malori ya makontena yanapita hapo usiku na mchana. Nguzo ikigongwa, zote zinaanguka pamoja. Kama kebo zinaingia ardhini, tafuta mifuniko ya zege kando ya barabara usome majina juu yake. Piga picha kila hatua. Ukifika mahali huwezi kuendelea, simama hapo uandike: kuanzia hapa sijui. Hiyo nayo ni taarifa ya kupeleka kikaoni.

Kisha waandikie kampuni zote mbili. Andika, usipige simu, maana la simu halina ushahidi. Kebo yetu inaingia kituo chenu gani cha kwanza? Inapita barabara ipi? Kipande kipi ni chenu na kipi mmekodi? Ramani wanazo. Mhandisi wao anaweza kukutolea faili ya njia ukaifungua kwenye Google Earth. Wakisema ni siri, waambie mko tayari kusaini mkataba wa kutunza siri. Hilo la kukodi ndilo linalowaponza wengi. Kampuni inayokuuzia laini inaweza isiwe na mita moja ya kebo yake Changamwe. Ina nyuzi mbili tu ndani ya kebo ya mwenzake. Wewe unapokea ankara mbili zenye nembo mbili, kumbe ardhini kuna kebo moja, na tingatinga halichagui nyuzi.

Na usisahau kuwa Moi Avenue iko kisiwani. Njia za kutoka kisiwani ni chache: Makupa na Kipevu kwenda upande wenu, Nyali kwenda kaskazini, na Likoni kuna feri. Faiba nyingi inafuata barabara, kwa hiyo nayo inabanana pale watu na magari wanapobanana. Hata ukitenganisha njia vizuri Changamwe, uliza kila moja inavukia wapi.

Baada ya nchi kavu kuna bahari. Sisi wa Mombasa tuna bahati ya kuwa ndipo mikongo inapotua: TEAMS kutoka Fujairah, SEACOM, EASSy, LION2, na baadaye DARE1 na PEACE. Bahati hiyo haikusaidii kama laini zako zote mbili zinaegemea mkongo mmoja. Mwaka 2012, mwezi wa Februari, meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari yetu wenyewe iliteremsha nanga pasiporuhusiwa ikakata TEAMS. Februari 2024 meli ya Rubymar, iliyoshambuliwa karibu na mlango wa Bahari ya Shamu, ilielea huku nanga yake ikiburura chini, na inaaminika ndiyo iliyokata mikongo mitatu, SEACOM ikiwemo. Watu hawajamaliza kuzungumzia hilo, tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika kwa siku moja upande wa Afrika Kusini. Fikiria kampuni iliyojipanga vizuri, laini hii inatumia EASSy, ile inatumia SEACOM. Kwenye karatasi iko salama. Siku hiyo ilibaki inatazamana na ukuta, na kebo ya baharini haiungwi kwa ngazi na mkoba wa zana kama ninavyofanya mimi barabarani. Meli lazima iende mpaka pahali penyewe, ivue ncha mbili, iunge, ishushe tena. Hesabu siku, na pengine wiki.

Kuna kipimo unaweza kukifanya leo bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za umbali, kwenda na kurudi, zinachukua milisekunde moja. Nairobi ni kilomita 480 hivi kwa barabara. Pakiti (kipande kidogo cha data) kwenda na kurudi ni kama milisekunde 5, tuseme hata 10 ukiweka na rauta za njiani. Chukua laini moja moja, tuma amri ya ping (inapima muda wa kwenda na kurudi) na ya tracert (inataja rauta za njiani) kwa seva unayojua iko Nairobi. Ukiona 150, ujue pakiti zako zimekwenda Ulaya ndipo zikarudi Nairobi, na siku mkongo ukikatika hata jirani yako hutampata. Kisha fanya hivyohivyo kwa seva ya Ulaya, ulinganishe njia za laini zote mbili. Majina ya rauta za katikati yakifanana, umeona kisima.

Leta matokeo hapa.

dizeli_shimanzi

Mzee amesema ya kebo, mimi niseme ya stima, maana ndiyo inayozima vyumba vya seva vingi kuliko tingatinga. Mimi ni fundi wa jenereta.

Dada, jenereta yenu inajaribiwa vipi? Kama mlinzi anaiwasha Jumatatu asubuhi, inanguruma dakika kumi, anaizima, hilo si jaribio. Hapo umejua injini inawaka. Hujajua kama swichi ya kubadilisha kutoka stima kwenda jenereta inabadilisha, wala kama jenereta inabeba mzigo viyoyozi vikianza kuvuta. Na injini ya dizeli ikizoezwa kunguruma bila mzigo inajaa masizi na mafuta yasiyoungua, inachoka bila kufanya kazi.

Stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta ya sehemu moja haikuwaka. Pale pana mafundi na bajeti. Wewe wa ghala jiulize.

Mimi nikiitwa kwamba jenereta imekataa, kitu cha kwanza kutazama ni betri ya kuwashia. Si injini. Betri ndogo ile imekaa nje kwenye joto, chaja yake iliungua zamani, hakuna aliyejua. Cha pili ni dizeli. Tangi likikaa nusu tupu kwenye unyevu wa hapa, hewa ya usiku inaacha maji ndani, maji yanashuka chini, chujio linaziba. Tangi liwe limejaa, na maji yamwagwe chini mara kwa mara. Cha tatu ni ncha za waya. Chumvi inafanya kutu ya kijani kwenye shaba, siku ya kawaida hupati tatizo, siku ya mzigo kamili ncha inachemka.

Na betri za UPS ni nani amezipima? Betri ya asidi imetengenezewa nyuzi joto 25 hivi. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 zaidi zinaukata umri wake karibu nusu. Nimeona UPS zimewekwa koridoni, chumba cha seva kina baridi, yenyewe iko kwenye joto la Mombasa. Taa inaonyesha kijani. Stima ikikatika inashika dakika mbili, haifiki hata jenereta ipate nguvu.

noc_nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Nafanya zamu kwenye chumba cha uangalizi wa mtandao, naona kukatika kwa Pwani kila wiki.

Maoni yangu ni tofauti kidogo. Kampuni ya ukubwa wenu haina sababu ya kujiendeshea chumba cha seva. Kuna vituo vya kukodi nafasi, Mombasa ipo iColo huko Miritini, si mbali nanyi. Unapeleka seva zako, unapata stima ya njia mbili, ubaridi, ulinzi, na watoa huduma wengi ndani ya jengo moja. Kiwango kinachoitwa Tier III, cha Uptime Institute, kimejengwa ili kifaa chochote kiweze kutengenezwa bila kuzima chumba. Mara nyingi kinatajwa pamoja na asilimia 99.982, yaani kama saa moja na nusu ya kuzimika kwa mwaka mzima. Laini ya ofisi yenye ahadi ya asilimia 99.5 inaruhusiwa kukaa chini karibu saa 44 kwa mwaka na bado mtoa huduma hajavunja mkataba. Soma mkataba wako, dada. Na hata akivunja, anakurudishia kiasi kwenye ankara ya mwezi, hakulipii uhifadhi wa kontena la mteja.

Jambo la pili, namna rauta yako inavyojua laini imekufa. Wengi wameiweka ipime lango la mtoa huduma tu. Kebo ikikatika mbele zaidi, Voi au baharini, lango bado linajibu, rauta inaona heri tupu na haihami. Iambie ipime vitu viwili au vitatu vya mbali, kimoja Nairobi, kingine ng'ambo.

binti_mikindani

Nawashukuru sana nyote. Mzee wangu, nilifanya kama ulivyosema, mimi na mlinzi wa mchana. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Ukutani kuna matundu mawili, hapo nilifurahi. Nje ya ukuta mabomba mawili yanateremka, na chini ya lami ya yadi yanaingia kisanduku kimoja cha zege. Kutoka kisandukuni kuna bomba moja mpaka nguzo ya nje ya geti. Kwenye nguzo kebo zinatengana, moja inakwenda kushoto, nyingine inavuka barabara. Nikasema alhamdulillahi. Tukaifuata ya kuvuka, mwendo wa kama robo kilomita inarudi upande wetu na kuingia shimo lilelile ambalo ile ya kushoto imeingia. Mfuniko una jina la kampuni ya kwanza. Ndipo palipochimbwa juzi.

Kampuni ya pili imenijibu kwa barua pepe kwamba kipande hicho wamekikodi. Ya kwanza haijajibu.

Ping ya Nairobi: laini ya kwanza milisekunde 9. Laini ya pili 11. Hapo naona tuko sawa. Ya Ulaya bado napanga matokeo.

Lakini kuna jambo jingine nililitambua nilipowahoji watu wa ghala kuhusu siku ile, na ndilo linaloniumiza zaidi. Seva ya ghala iko hatua chache kutoka kwao, ilikuwa inawaka, swichi zinawaka, stima ipo. Hata hivyo hawakuweza kuingia kwenye mfumo. Neno la siri linathibitishwa na huduma iliyoko ng'ambo. Intaneti ilipokatika, mtu aliyesimama ukuta mmoja na seva alikosa kuifungua. Malori yalisimama getini siku nzima kwa jambo hilo, na kebo wala haikuhusika na kazi ya pale.

Kuhusu Miritini, kaka wa Nairobi, nimelipenda wazo. Je, ghala lenyewe halitabaki pale pale tukikatika?

kebo_na_chumvi

Mwanangu, umefanya kazi ambayo watu wanalipa washauri na bado hawaipati. Hicho kisanduku cha yadi na lile shimo, piga picha kubwa, kiweke ukurasa wa kwanza.

Nianze na hilo la neno la siri, maana ni zito kuliko kebo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kwa karibu saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo iliangusha mtandao wao wa ndani, na seva zao za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, zikajiondoa zenyewe kwenye ramani ya intaneti. Kilichorefusha tatizo ni kwamba zana za kurekebishia zilipitia mtandao uleule uliokufa. Wahandisi ilibidi waende kwenye majengo kwa miguu yao, na kuingia mpaka kwenye mitambo kukachukua muda. Wewe una jambo hilohilo Changamwe kwa udogo wake. Ufunguo wa nyumba uko ng'ambo.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, orodhesha kazi ambazo lazima ziendelee intaneti ikiwa imekufa kabisa. Kwenu naona ni tatu: lori liingie na kutoka getini, karani wa ghala ajue kontena liko wapi, na mtu aweze kuchapisha karatasi ya kutolea mzigo. Hizo zifanye kazi ndani ya ukuta wenu, na uthibitisho wa majina uwe na nakala yake hapo hapo, pamoja na DNS ya ndani. Nyaraka za kutuma serikalini haziwezi kwenda bila intaneti, hilo halina dawa ya ndani, lakini usiliache likaburura na yale mengine.

Hilo ndilo jibu la mwenzako wa hesabu pia. Silipingi wingu, lina mahali pake. Oktoba 2025 tatizo la DNS katika vituo vya Amazon vya Virginia lilisimamisha huduma za watu pande zote za dunia, na hapo si kebo iliyokatika wala stima. Ukihamisha mfumo wa geti kwenda huko, lori la Changamwe litangoja Virginia. Hamisha barua pepe, hamisha nakala rudufu, hesabu mkitaka. Geti libaki nyumbani. Miritini nayo ni sehemu nzuri ya kuweka seva ya nyaraka, ndugu wa Nairobi ana haki, ila swali lako ni sahihi: ghala litahitaji njia ya kufika Miritini, na njia hiyo ndiyo ile inayoingia shimo moja. Kwa umbali huo mnaweza kuweka redio za masafa kutoka paa hadi paa kama mnaonana.

Na hapo nimefika kwenye njia ya tatu. Mkurugenzi hakukosea kutaka njia ya tatu, ila isiwe faiba. Tafuta kitu ambacho hitilafu yake haifanani na hizo mbili. Redio ya masafa haijui tingatinga. Setilaiti haijui nanga. Starlink imeruhusiwa Kenya tangu 2023, na kwa ghala inatosha kupitisha hati na barua pepe wakati wa shida. Nayo ina udhaifu wake: mvua ya masika ikishuka kwa nguvu inayumba, mtu wa nje hawezi kuingia kirahisi kwenye seva yako kupitia laini zao za kawaida, na Julai 2025 programu za ndani zilipoharibika mtandao wao wote ulizimika zaidi ya saa mbili. Hainisumbui, kwa sababu siku hiyo faiba zako zingekuwa hai. Hitilafu zisipofanana, ni nadra kukukuta pamoja. Ila sahani yake na kifaa chake viwe kwenye UPS. Nimeona mahali sahani iko paani imechomekwa kwenye soketi ya kawaida, stima ikikatika nayo inazimika.

Wakati huohuo dai haki yako kwa kampuni ya pili. Waambie mnataka kipande kisichopita shimo lile, hata kama ni kebo ya juu ya nguzo za upande wa pili wa barabara mpaka kituo chao. Wakipanga bei kubwa, linganisha na siku moja ya malori kusimama. Hesabu hiyo anaijua mtu wa fedha wa kampuni yenu, na ndiyo hoja anayoielewa mkurugenzi kuliko milisekunde. Kile kisanduku cha yadi ni chenu, hicho msingoje mtu. Chimbeni mtaro wa pili upande mwingine wa geti.

Nakala rudufu sijakuuliza, nauliza sasa. Ziko wapi? Machi 2021 jengo la OVH, kampuni ya kukodisha seva, liliungua Strasbourg, Ufaransa, na walioweka nakala kwenye eneo lilelile walipoteza vyote viwili. Septemba 2025 huko Daejeon, Korea Kusini, betri za lithiamu zilishika moto kwenye kituo cha data cha serikali, mifumo zaidi ya 600 ikasimama, na hifadhi ya faili za watumishi wa umma, terabaiti 858, ikateketea kwa sababu haikuwa na nakala mahali pengine. Ilikuwa kubwa mno kunakiliwa, walisema. Zako si kubwa mno. Moja ikae Moi Avenue, nyingine nje ya Mombasa kabisa, na kila mwezi rudisha faili kadhaa kutoka humo uone kama zinafunguka.

dizeli_shimanzi

Na kisanduku cha yadi kifunguliwe kabla ya mvua. Naapa kina maji.

binti_mikindani

Kina maji, kaka, nusu yake. Tumefungua jana.

Nakala ziko kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva yenyewe. Kesho nakala ya pili inakwenda Moi Avenue.

Nina swali la mwisho kabla ya kikao. Nataka nimwombe mkurugenzi ruhusa ya jaribio la kweli: kuzima stima kwenye swichi kubwa, kisha kuchomoa faiba moja moja, kisha zote. Ataniuliza kwa nini niharibu kitu kinachofanya kazi, na ataniuliza lini. Nimwambie nini, na nianze na kipi?

noc_nairobi

Mwambie kitazimika bila ruhusa yenu hata hivyo, tofauti ni kama mafundi watakuwa pale au watakuwa kitandani.

Usifanye usiku wa manane. Fanya Jumamosi asubuhi wakati malori yapo machache lakini yapo, ili uone kazi halisi ikipita. Toa taarifa kwa wateja wakubwa siku mbili kabla.

kebo_na_chumvi

Anza na intaneti, ndiyo rahisi kurudisha. Chomoa ya kwanza, ngoja, mwache karani afanye kazi yake, andika rauta imechukua muda gani kuhamia ya pili na nini kilikatika katikati, maana simu za mtandao na njia za VPN (za siri za kuunganisha ofisi) mara nyingi zinaanguka wakati wa kuhama. Rudisha. Chomoa ya pili. Rudisha. Kisha chomoa zote mbili umwombe mlinzi alipitishe lori moja getini. Hilo lisipopita, simamisha jaribio hapo hapo, umeshapata kazi ya mwezi mzima.

Likipita, ndipo uzime stima, na fundi wa jenereta awe amesimama kando yake. Kabla ya kuzima hakikisha nakala rudufu ya asubuhi ile imekamilika na imeondolewa kwenye seva. Weka kipimajoto chumbani, andika joto kila dakika tano tangu viyoyozi vinyamaze mpaka jenereta ivirudishe. Viyoyozi vingine havijiwashi stima ikirudi, vinangoja mtu abonyeze. Acha jenereta ibebe mzigo wote saa moja kamili, si dakika kumi.

Na weka modemu yenye laini ya simu kwenye rauta, kwa ajili ya wewe kuingia tu ukiwa nyumbani Mikindani, isipitishe kazi nyingine yoyote. Laini iwe na salio, na iwe ya kampuni ambayo mnara wake hautegemei faiba ya lile shimo. Hilo nalo uliza kwa maandishi.

Matokeo ya ping ya Ulaya bado hujayaleta.

binti_mikindani

Haya hapa mzee wangu. Laini ya kwanza inapanda kaskazini, inatokea Fujairah kisha Marseille. Ya pili majina ya rauta yanaonyesha inashuka Afrika Kusini kwanza, na muda wake ni karibu mara mbili ya ile.

kebo_na_chumvi

Basi baharini uko vizuri kuliko nilivyotarajia, moja inapita kaskazini na nyingine kusini. Usiruhusu mtu akushawishi kuhamisha ya pili iende kaskazini eti kwa sababu ni ya kasi zaidi. Andika hilo kwenye mkataba mpya: njia ya kusini ibaki, na wakitaka kuibadilisha wakuarifu kwanza. Shida yako yote ya kebo iko ndani ya robo kilomita kutoka getini kwako.